Pikipiki ya Nguchiro Isiyopiga Hodi

Paukwa!

"Pakawa!"

Nani huyo kajibu huku anatafuna? Paukwa tena!

"Pakawa!"

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, wanyama walipokwisha kuchoka kutembea kwa miguu, Ngiri alikuwa na pikipiki ya petroli. Ikiwaka, pa! pa! pararara! Moshi mweusi tii. Kanga anakohoa, vifaranga wanakohoa, hata Ngiri mwenyewe anakohoa.

Siku moja Nguchiro akaja na pikipiki ya umeme. Haina moshi. Haina kelele. Ziiii, imepita. Nguchiro kichwa kikamvimba. Akamwambia Ngiri, "Bwana mkubwa, hilo lako kachomee mahindi!"

 Ngiri roho ilimuuma, lakini akawasha lake, pararara, akaenda zake.

Tabu ikaanza siku hiyohiyo. Ziiii, Nguchiro yuko uani kwa Kanga, na Kanga anaoga! Ziiii, nusura amkanyage Bibi Kobe. Kikao kikaitwa.

"Mjukuu wangu," akasema Bibi Kobe, "anayeingia kwa watu bila hodi ni mchawi au ni mwizi. Wewe ni yupi?"

"Mimi ni dereva, bibi."

"Basi dereva, kila mlango unaoupita, piga hodi."

Ikawa ndiyo sheria. Ziiii, "Hodi!" Ziiii, "Hodi!" Nguchiro akazoea mpaka akawa anaita hodi usingizini, na mkewe anamjibu karibu.

Asubuhi moja Bi Digidigi akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza, na mtoto kakaa vibaya. Mkunga Nungunungu yuko juu kilimani, mguu unamuuma, hatembei. Njia ni moja tu, na inapita mlangoni kwa Chui, ambaye mchana hulala.

Kanga akasema, "Ya Ngiri itamwamsha. Itafaa ya Nguchiro tu."

Nguchiro alifurahi huyo! Akampakia mama wa watu. Hakusema kwamba tangu alfajiri alikuwa anawazungusha pimbi, taa inawaka, muziki unalia. Akatazama chaji: kimebaki kistari kimoja, chekundu.  Aibu ikamziba mdomo.

Ziiii. Wakapanda kilima. Ziii. Zii. Zi. Kimya. Wapi? Mlangoni kwa Chui!

"Kulikoni?" akanong'ona Bi Digidigi, jasho linamtiririka.

"Sh! Nitasukuma."

Akasukuma kidogo. Akauona mlango. Na mdomo wake, kwa mazoea tu, ukasema, "Hodi!"

"Karibu!" Chui akajibu.

Mama wee! Chui huyo nje, anajilamba. "Karibuni chakula," akasema. Nguchiro akasimama mbele ya Bi Digidigi. Hakukimbia, hilo tumpe.

Mara, pa! pa! pararara! Ngiri! Aliwaona pimbi wakizungushwa, akajua chaji haitafika, akafuata kwa mbali. Akamgeuzia Chui bomba la moshi. Kho! Kho! Kho! Chui haoni mbele wala nyuma. Kabla hajapangusa macho, kamba imefungwa, pikipiki mbili zimekwenda, moja inavuta, moja inavutwa.

Wakafika kwa mkunga, mtoto akazaliwa salama. Wakamwita Hodi. Nguchiro akalia mbele za watu. "Bwana Ngiri, nisamehe."

"Yameisha," Ngiri akasema, akawasha pikipiki awarudishe. Pa! pa! Kitoto kikakohoa mpaka macho yakageuka.

"Zima hilo!" Bi Digidigi akafoka. "Umetuokoa, ahsante, lakini mwanangu harudi nyumbani na moshi!"

Wakaichomeka ya Nguchiro kwenye sola ya mkunga. Wakangoja. Wakapika, wakala, wakangoja tena. Alasiri chaji ikajaa. Wakateremka, ziiii, na Ngiri nyuma yao kazima injini. Mlangoni kwa Chui wakapita, mtoto amelala fofofo, na Nguchiro kajaza gunzi la hindi mdomoni.

Basi, watoto, na nyinyi wazee mnaosinzia: kipya kikiwa kizuri kipokeeni, lakini jueni kinaishia wapi kabla hamjampakia mtu. Na mwenye cha zamani msimcheke, huenda ndiye atakayewavuta.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi chaji imeniishia.