Jina Moja kwa Miche Arobaini

Sogeeni karibu. Leo sikuja na jibu la kuwagawia. Nimekuja na ugomvi, na nikimaliza nitauacha mikononi mwenu, mimi nikae kimya. Kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Katika mji mmoja wa milimani kule Umatengo, mahali ambapo karibu kila nyumba ina mibuni nyuma yake, walikuwapo watu watatu waliopenda kuandika hadithi. Hakuna aliyewatuma. Hakuna aliyewalipa. Waliandika kwa sababu wasipoandika walijisikia vibaya, kama mtu aliyemeza neno likamkwama kifuani.

Wa kwanza aliitwa Zenobius Ndunguru, fundi baiskeli. Yeye alijaliwa jicho. Watu kumi wangepita mahali wasione kitu, Zenobius akapita baada yao akaona hadithi imekaa pale inamsubiri. Ila alipoiandika, ilitoka kavu kama taarifa ya polisi.

Wa pili aliitwa Osmunda Kapinga, muuza chakula sokoni. Yeye alijaliwa ulimi. Aliweza kusema kama diwani, kama mlevi, kama mtoto aliyevunja chungu, na kila mtu aliyemwandika ulimsikia akipumua. Ila hakujua pa kuanzia, na akishaanza hakujua pa kuachia.

Wa tatu alikuwa Bibi Tekla Hyera, aliyestaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani. Yeye alijaliwa mkasi. Sentensi iliyozidi aliiona kama wewe unavyoona chawa juu ya shuka jeupe. Ila ukimwekea karatasi tupu, itabaki tupu mpaka jua lizame.

Walikutana kila Jumamosi mchana kwenye banda la Osmunda. Hapo mwanzo kundi lao lilikuwa na watu tisa, likavunjika kwa kuhesabiana: sentensi hii yangu, ile yako. Watatu waliobaki wakaweka sheria mbili. Ya kwanza, katika daftari la kundi hakuna kuandika jina. Ya pili, hadithi ikishanakiliwa upya, karatasi za zamani zinawasha jiko la chai ya siku hiyo.

“Tunywe chai, tusahau nani aliandika nini,” alisema Bibi Tekla, na wote watatu wakacheka.

Kikumbukeni kicheko hicho.

Jumamosi moja Zenobius alikuja na jambo lililomtokea mama yake, Mama Fortunata. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimwambia: siku arobaini za matanga zikiisha, utoke kwenye shamba hili urudi kwenu. Mama yule hakubishana. Kila alfajiri alipanda mche mmoja wa kahawa mpakani. Siku ya arobaini shemeji wakaja kumtoa, wakakuta miche arobaini imesimama. Na desturi ya pale ilikuwa kwamba aliyepanda mti wa kudumu wakati wa msiba haondolewi penye mti huo. Mama akabaki. Mibuni ipo hadi leo. Miaka thelathini mibuni ile imesimama pale, watu wananunua kahawa yake, na hakuna aliyeiona kuwa ni hadithi mpaka Zenobius alipoiona. Aliandika kurasa mbili. Wakawasomea wateja waliokuwa wakila. Mmoja akasinzia. Mwingine akauliza, “Dada Osmunda, maharage yamekwisha?”

Karatasi zile mbili zikawasha jiko. Wakanywa chai.

Osmunda akaichukua. Akawapa watu midomo. Shemeji mkubwa akawa na kikohozi cha kujifanya na tabia ya kusema “mimi sina neno” kabla ya kusema maneno mia. Mjane naye akapewa jibu moja ambalo soko zima lilikuja kuliiga. Shemeji anamuuliza, “Unamwagilia nini hapa, wewe mwanamke?” Mjane anamnyooshea kopo la maji: “Shika kopo. Kama shamba ni lako, mwagilia.” Hadithi ikafika kurasa ishirini na tatu. Wateja walicheka hadi machozi, lakini ilipofika ukurasa wa kumi na tano walianza kunawa mikono, na ukurasa wa mwisho ulisomewa mabenchi matupu.

Karatasi zile ishirini na tatu zikawasha jiko. Wakanywa chai.

Bibi Tekla akaichukua. Akakaa nayo wiki tatu, akiisogeza karibu na macho yake yenye ukungu. Aliporudi, zilibaki kurasa saba. Alifuta mazishi, akafuta shemeji wawili kati ya watatu, akafuta furaha yote ya mwishoni. Hadithi sasa iliishia shemeji akiwa ameshika kopo, hajui aliweke wapi. Walipoisoma, mpagazi mmoja aliacha kijiko ndani ya bakuli na kuondoka bila kuuchukua mzigo wake. Mwanamke mmoja muuza nyanya akafuta macho na kusema, “Someni tena.”

Basi wakaituma kwa watu wanaochapa vitabu vya shule, kwa jina la kundi.

Jibu likaja siku ya Jumatatu. Hadithi imependwa. Itaingia katika kitabu kitakachosomwa na watoto wa darasa la sita nchi nzima. Sharti ni moja: mwandishi awe mtu mmoja. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu yenye mstari mmoja wa jina, na fomu hiyo ipande basi la Ijumaa saa sita mchana pamoja na nakala safi ya hadithi. Ikichelewa, nafasi itapewa mwingine.

Najua kuna mmoja wenu ameshainua mkono kusema, waandike majina yote matatu. Hapana. Barua ilisema wazi: kazi ya zaidi ya mtu mmoja haipokelewi. Na kuna mwingine anataka kusema, watunge jina la uongo. Hapana tena. Walitaka na kivuli cha kitambulisho, yaani fotokopi yake. Shusheni mikono, tuendelee.

Zenobius aliisoma barua akatabasamu. “Basi nitajaza jioni hii.”

“Utajaza nini, Fundi?” Osmunda aliuliza.

“Jina langu. Kwani ni mama wa nani?”

“Mama ni wako. Hadithi umeitoa wapi? Ulituletea kurasa mbili za mwanamke bubu. Mimi ndiye niliyemfungua mdomo.”

“Na kumfunga ukashindwa,” alisema Bibi Tekla. “Mlinipa gunia la pumba, nikawarudishia kilo moja ya mchele. Leo mnagombania mchele.”

“Bibi, heshima yako,” Zenobius alisema, “lakini wewe ulipunguza tu. Kinyozi akimaliza kunyoa, anasema mtoto ni wake?”

“Na wewe ulichofanya ni nini? Ulizaliwa tu!”

Osmunda alicheka kwa sauti, kicheko kibaya. Zenobius akamgeukia. “Cheka. Wewe umezoea kuongeza maji kwenye mchuzi, ukafikiri na hadithi ni hivyo hivyo.”

“Huo mchuzi umeula miaka minne, mwanaume, na sijawahi kukusikia ukilalamika. Toka bandani mwangu!”

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mwenzake Fundi, wala Dada, wala Bibi. Waliitana “yule”.

Wakatafuta ushahidi. Kila mmoja alisema, leteni karatasi zangu tuone mwandiko. Karatasi zipi? Walikuwa wamezinywa pamoja na chai. Wakafungua daftari la kundi. Halikuwa na jina hata moja. Ile sheria waliyoiweka ili wasigombane ndiyo iliyowaacha bila cha kushika.

Basi kila mmoja akashika alichoweza. Zenobius akaifungia fomu ndani ya sanduku la spana. Bibi Tekla akaificha nakala safi, ya pekee, chini ya godoro. Osmunda, ambaye barua ilikuja kwa anwani yake, akabaki na bahasha yenye muhuri wa wachapaji, ambayo bila hiyo mzigo usingepokelewa. Jumanne ikapita. Jumatano ikapita.

Msiwacheke haraka. Kila mmoja alikuwa na sababu, na nitawaambia zote.

Zenobius alikuwa na binamu ambao mpaka leo hupita mbele ya nyumba ya mama yake na kusema, “Yule ni mwizi wa shamba.” Alitaka watoto wao waisome habari ile shuleni, chini yake pakiwa na jina la Ndunguru, ili wajue kwamba ni kweli. Jina lingine likiandikwa, wangesema ni ngano tu.

Osmunda aliishia darasa la saba. Mumewe alikuwa amemwambia, “Mwisho wa mwaka huu, kama sijaona jina lako kwenye kitabu, Jumamosi zako na hayo madaftari basi.” Naye Osmunda alimpa mkono kukubali. Kwake yeye mstari ule ulikuwa mlango. Ukifungwa, haandiki tena.

Bibi Tekla alipiga chapa maneno ya watu wengine kwa miaka thelathini na moja. Jina lake lilionekana kama herufi mbili ndogo chini ya ukurasa, T.H., ambazo hakuna aliyezisoma. Na daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake hayatafika mwakani. Hakutakuwa na hadithi nyingine ya kukata.

Alhamisi mchana maneno yalimfikia Mama Fortunata. Akashuka kutoka shambani na jembe lake begani, akawaita wote watatu kwa majina, mbele ya soko.

“Nasikia mnanigombania kama mbuzi wa mahari,” alisema. “Nisomeeni hicho mlichoandika. Sasa hivi.”

Bibi Tekla alikwenda kuichukua nakala. Osmunda akasoma, maana macho ya Tekla yalikuwa yakitoa machozi. Mama Fortunata alisikiliza amesimama.

“Mimi sikusema hivyo,” alisema, Osmunda alipofika kwenye kopo. “Siku ile sikusema kitu. Nilitetemeka tu, kopo likaanguka.”

Osmunda akainamisha kichwa.

“Na niliogopa siku zote arobaini. Usiku nilikuwa nakohoa ili wajue nipo macho. Woga wangu mmeuweka wapi?”

“Niliukata,” alisema Bibi Tekla.

“Uliukata.” Mama akamgeukia mwanawe. “Na wewe? Ulikuwa na miaka mitano. Ulilala. Mimi ndiye niliyekusimulia, nikakuambia, yabaki humu ndani. Nilikuambia, sikukuambia?”



Wote wakadhani Mama ataondoka. Mama Fortunata akashusha jembe, akaliegemeza kwenye benchi.

“Rudia pale penye kopo,” alisema.

Osmunda akarudia. Mama akasikiliza, midomo yake ikitembea kimya, kama anayejifunza jibu ambalo alilihitaji miaka thelathini iliyopita.

“Hivyo,” alisema. “Hivyo ndivyo nilivyotaka kusema.”

Zenobius akaona nafasi. “Mama, basi amua wewe. Liandikwe jina la nani?”

“Mimi nilipanda kahawa, Zeno. Ugomvi mmeupanda wenyewe, na muuvune wenyewe.” Akachukua jembe lake, akapanda mlima, na hakugeuka.

Ijumaa ikafika. Saa tano na nusu walikuwa wote watatu stendi, wamekaa kwenye meza ya wakala wa mizigo. Zenobius ameweka mkono wake juu ya fomu. Bibi Tekla amekumbatia kurasa saba. Osmunda ameikalia bahasha. Hakuna anayemsalimia mwenzake.

“Jamani, mnatuma au hamtumi?” wakala aliuliza. “Dereva ameshawasha gari.”

“Muulize yule,” alisema Osmunda.

“Muulize yule,” alisema Bibi Tekla.

Zenobius akaisukuma fomu katikati ya meza. Bibi Tekla akaweka kurasa juu ya meza. Osmunda akainuka kidogo, akaitoa bahasha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kila kitu kilikuwa mahali pamoja. Vivuli vitatu vya vitambulisho vilikuwa pale, kila mmoja na chake. Na mstari wa jina ulikuwa bado mweupe.

Wakala akachomoa kalamu nyuma ya sikio lake, akaiweka mezani. Mikono mitatu ikaiendea, ikasimama juu yake, kila mmoja akiwatazama wenzake.

Nami naishia hapo. Dereva anapiga honi. Basi haliwezi kungoja, na jina ni moja tu: la aliyeiona hadithi, la aliyeipa sauti, au la aliyeipa umbo. Na kama kuna mmoja wenu anasema si la yeyote kati ya hao, ni la yule aliyetetemeka na kopo likaanguka, basi anieleze yeye angejaza vipi fomu ya mtu ambaye hakuandika hata neno.

Mwanangu, wewe uliyekaa hapo, fikiria kwamba kalamu ile umeishika wewe. Utaandika jina la nani? Na ukishaliandika, hao wengine utawaangaliaje Jumamosi, chai itakapoiva?