Lango la Nakijwa

Mjane mmoja wa milimani Upare, jina lake Nakijwa, alikuwa na lango lililofungwa kwa maswali matatu. Komeo lilikuwa la mti tu, lakini halikuondolewa mpaka aliyesimama nje ajibu. Desturi hiyo ilianza zamani, wanaume wa ukoo walipokuwa wakishuka kwenda mashamba ya mkonge na kurudi baada ya miaka mingi wakiwa na sura zisizotambulika. Aliyerudi aliulizwa bibi alipewa jina gani siku alipoletwa kuolewa, ng'ombe wa kwanza wa mahari yake alikuwa na rangi gani, na kitovu chake yeye mwenyewe kilizikwa wapi. Majibu hayakuandikwa popote. Mzazi alimwambia mtoto mara moja, wakiwa wawili, na mtoto akayatunza.

Nakijwa alikuwa na watoto wawili. Namkunda aliolewa Songea. Kiangi alikuwa fundi wa majokofu Mwanza, na kwa miaka tisa hakuwa amefika nyumbani. Macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hivyo alimjua mtu kwa sauti yake na kwa majibu yake.

Kiangi hakuwa mtoto mbaya. Alimkumbuka mama yake kila siku, ila alimkumbuka mbele ya watu. Katika ukurasa wake wa mtandao aliweka picha ya lango, na picha ya sanduku la mbao lenye hati ya shamba. Alijirekodi akimwita mama yake kama alivyomwita utotoni. Aliandika kwamba kila Alhamisi majirani hushuka gulioni na mama hubaki peke yake, akaomba watu wamwombee. Watu walimsifu sana. Siku moja akasimulia na yale maswali, akatoa majibu ya mawili. Mtu asiyemjua, aliyeweka picha ya maua mahali pa uso wake, akauliza kwa upole kuhusu kitovu. Kiangi akafurahi kuulizwa. Akajibu kwamba kilizikwa kando ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, chini ya jiwe jeupe.

Namkunda alimpigia simu akamwambia ameweka ufunguo wa nyumba barabarani. Kiangi alicheka, akasema dada amezeeka kabla ya mama, na kwamba wale ni marafiki zake. Hata hivyo, kama dada amekasirika sana, atayafuta. Namkunda akamwuliza kama ataweza kuyafuta na vichwani mwa waliosoma. Kiangi akasema ana mteja anamsubiri.

Alhamisi moja mtu alisimama langoni akamwita Nakijwa kwa ule mwito wa utotoni. Akaulizwa, akajibu yote matatu bila kusita. Mama aliondoa komeo huku akilia. Alimpakulia makande, akasimama karibu naye akimsikiliza anavyokula. Yule mtu akashukuru, akaomba baraka, akapewa. Aliondoka kabla majirani hawajapanda kutoka gulioni, na sanduku likaondoka naye. Kabla ya mvua za vuli walikuja watu wenye kamba za kupimia na hati mkononi, wakasema shamba wamelinunua kwa mwanawe mwenyewe. Wakapima mpaka makaburini.

Kiangi alipopata habari hizo alisafiri siku mbili. Alikuta lango limefungwa, akaita. Mama aliuliza yale yale matatu, kwa sababu hakuwa na mengine. Kiangi alijibu, na kila jibu lilikuwa sahihi. Komeo halikusogea.

"Hayo yote mwenzako aliyajua, na sauti hiyo alikuja nayo," Nakijwa alisema kutoka ndani. "Baba, kama wewe ni Kiangi, niambie jambo moja tu ambalo hukuwapa watu."

Kiangi alifungua kinywa. Alikumbuka siku alipoungua mguu kwa uji na mama akambeba mpaka zahanati, lakini alikuwa ameiandika. Alikumbuka wimbo aliobembelezwa nao. Alikuwa ameuimba mtandaoni mwenyewe. Alikumbuka neno la mwisho la baba yake kitandani, walipokuwa watatu tu chumbani. Hilo ndilo lililosifiwa kuliko yote. Alisimama pale akitafuta, mpaka kivuli cha lango kikahama miguuni pake.

Aliyemwokoa ni jirani, Mama Eliamini, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alimtazama usoni, akatazama kovu la mguuni, kisha akamwambia Nakijwa kwamba huyu ndiye Kiangi hasa, maana yeye amemwona tangu akitambaa. Hapo ndipo komeo lilipoondolewa.

Kwa hiyo Kiangi aliingia nyumbani kwao kwa udhamini wa jirani. Mama yake alimkaribisha vizuri, akamsogezea kiti cha wageni, kile kinachokaa karibu na mlango, na sahani alipompa hakuiachia mara moja.

Wewe unayewaonyesha watu wote kilichomo ndani, siku utakaposimama nje ya lango la kwenu, utaingia kwa neno gani?