Mluzi Alioachiwa Nkwabi

Hii sikusimuliwa. Niliiona kwa macho yangu haya mawili, mwanzo mpaka mwisho, na atakayebisha aende akaulize nani alichimba lile kaburi. Nililichimba mimi. Wengine walinishikia jembe nikinywa maji.

Mzee Lugembe alifariki Jumanne. Aliacha ng'ombe watano na mke mmoja, Bibi Ngolo. Mtoto hawakujaliwa. Aliyewachungia ni Nkwabi, kijana wa miaka ishirini, yatima waliyemlea wenyewe.

Sasa ujue jambo moja kuhusu mzee yule. Ng'ombe wake hakuwachapa hata siku moja. Aliwazoesha mluzi. Mluzi mrefu, unapanda, halafu unakatika ghafla. Ng'ombe wakiusikia wanaacha majani mdomoni, wanamfuata mstari mmoja. Hata mimi nilijaribu, na kwa mluzi nasifika tarafa nzima. Walinitazama, wakaendelea kutafuna. Mluzi ule mzee alimfundisha mtu mmoja tu, Nkwabi.

Kwetu siku ya kuzika hakuna anayechunga. Mifugo inabaki zizini, kijiji kizima kinakwenda makaburini, na asiyekwenda anatozwa faini. Nyumba zinabaki wazi, maana siku hiyo hakuna anayeiba. Hata mwizi wa kuku anapumzika.

Jumatano jioni nilikuwa nyuma ya ua wa msiba, nimeinama naziba pancha ya baiskeli yangu. Upande wa pili wa ua wakaja vijana wanne. Watatu walikuwa Masalu na wenzake wawili. Wa nne alikuwa Nkwabi, waliyecheza naye tangu utoto. Sikukohoa.

Masalu akaeleza kwamba kesho watu wakienda kuzika, lori litasubiri kule korongoni. Kinachotakiwa ni kuwafikisha ng'ombe tu.

"Wewe piga mluzi, mwanangu," akamwambia Nkwabi. "Kamba hushiki, fimbo hushiki. Tangu lini mluzi ukawa wizi?"

Nkwabi akageuka aende zake. Wenzake Masalu wakamwandama. Mmoja akamwambia ataota mvi akinusa mikia ya ng'ombe wa watu. Mwingine akamuuliza kama bibi ameshamrithi pamoja na zizi. Wakacheka, na maiti ya mzee imelala hatua kumi kutoka pale. Nilitaka kuuruka ule ua nikawatie adabu, ila gurudumu lilikuwa mkononi.

"Mwenye huo mluzi yumo ndani, hajafukiwa bado," Nkwabi akasema. "Nimwibie kwa kitu alichonipa mwenyewe?"

"Marehemu hasikii."

"Mimi nasikia."

Akawaambia wakiwagusa wale ng'ombe atapiga yowe. Masalu akamgonga begani, akasema walikuwa wanampima tu, wanamtania. Nkwabi akaamini, hakumwambia mtu. Na mimi, pamoja na ujanja wangu wote, nikaamini. Nani angewaza kwamba mtu ataiba kweli siku ya kuzika?

Waliiba kweli.

Alhamisi, tukiwa tunachimba, maji yakaisha. Nkwabi akatumwa kisimani kwa baiskeli yangu. Akachelewa sana, kwa sababu ile pancha niliyoiziba ilifunguka njiani. Hilo nalikiri.

Tulipotoka kuzika tukakuta zizi la mzee, lililo mbali na ua wa msiba, liko tupu. Yowe likapigwa. Wanaume wote tukafuata kwato, na aliyekimbia mbele akipiga kelele kuliko wote alikuwa Masalu, ambaye makaburini nilimwona mwishoni tu. Korongoni tukawakuta ng'ombe watano wamefungwa kwenye vichaka. Wenye lori walikuwa wamesikia yowe, wakageuza kabla ya kupakia; alama za magurudumu zilikuwa mbichi.

Kabla hatujavuta pumzi Masalu akasimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

"Ng'ombe hawa hawamfuati kila mtu," akasema. "Mluzi wao ulikuwa kwa watu wawili. Mmoja tumemzika sasa hivi. Huyu wa pili alikuwa wapi saa nzima, sisi tunangoja maji?"

Macho yote yakamgeukia Nkwabi. Kwetu mwizi wa ng'ombe hufukuzwa kijijini. Hapewi moto, hapewi maji, hata jina lake halitajwi tena. Na pale hasira zilikuwa zimepanda kiasi kwamba wengine walishavunja fimbo vichakani, hawakuwa na subira ya kumfukuza.

Nkwabi akaeleza habari ya pancha. Nikasimama kumtetea, nikasema nilisikia kila neno nyuma ya ua. Watu wakatazamana, mmoja akasema, "Huyu naye ameanza." Ndiyo malipo ya mtu anayejua kusimulia vizuri. Siku nasema kweli tupu, nachek­wa.

Mwenyekiti akamwamuru Nkwabi apige mluzi tuone. Mara ya kwanza haukutoka, ilitoka pumzi tupu. Mara ya pili ukatoka. Ng'ombe wote watano wakainua vichwa, wakavuta kamba kumwelekea.

Watu wakaguna. Masalu akasema, "Mmeona wenyewe."

Ndipo nyuma yetu akatokea Bibi Ngolo. Mjane kwetu hatoki nje ya ua, hata kuzika haendi, mpaka matanga yaishe. Yule bibi alikuja peku, shuka la msiba begani, watu wakampisha kwa hofu. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe wa mbele, akampapasa shingo, akatuonyesha mkono wake. Ulikuwa na damu.

"Mwenyekiti, baba, njoo utazame shingo hii," akasema. "Utazame na migongo yao."

Tukasogea. Shingo zilikuwa zimechubuliwa na kamba za katani mpaka nyama inaonekana. Migongo ilikuwa na mistari ya fimbo.

"Mume wangu hakuwa na kamba nyumbani kwake. Nkwabi angewataka hawa, angepiga mluzi wakamfuata mpaka Kongo, bila alama hata moja. Aliyewafunga na kuwapiga ni mtu ambaye ng'ombe walimkataa."

Nilijisikia mjinga, na si kawaida yangu. Tulikuwa tumetazama kamba zile muda wote ule, tukaona ushahidi wa kumpeleka Nkwabi porini, kumbe ndizo zilikuwa zinamtetea.

Mwenyekiti akasema kila mtu afungue viganja. Vikafunguka pande zote, isipokuwa Masalu, aliyeficha vyake kwapani. Wakamkunjua kwa nguvu. Ngozi ilikuwa imebanduka, nyuzi za katani bado zimenasa kwenye vidonda. Wale wenzake wawili wakaanza kusema kabla hawajaulizwa. Na yule ng'ombe wa mbele akageuka, akamtandika Masalu teke la paja, jamaa akaanguka kifudifudi mavini.

Kinachonichoma mpaka leo si wizi peke yake. Wamemwibia mjane, mumewe hata hajafukiwa. Halafu mzigo wakamtwisha yule yule aliyekataa, rafiki yao wa utotoni, tena kwa mluzi ule ule waliomwomba jana yake kwa kumwita mwanangu. Watu wa namna hiyo kijiji kiliwatema wote watatu, na kilifanya vizuri.

Nkwabi alikata kamba zote, akazitupa korongoni. Akapiga mluzi. Ng'ombe wakamfuata nyumbani, Bibi Ngolo nyuma yao, na sisi wenye fimbo tukazidondosha moja moja njiani ili tusionekane nazo.

Kama unamjua kijana ambaye marafiki zake wanamwambia "wewe fanya hiki kidogo tu", mfikishie haya leo, usingoje kesho.

Funzo: Anayekuomba umsaidie kidogo tu kwenye uovu wake, ndiye atakayekuwa wa kwanza kukunyooshea kidole, mkatalie, na ukishamkatalia usimfichie.

Lile teke nimeliongeza mimi. Ng'ombe hakumgusa mtu, alisimama tu akitokwa damu. Lakini mtu alipaswa kumpiga.