Pampu ya Pijo la Mzee Shelukindo

Hapo zamani, na wala si zile zamani za majini na wafalme, ni zamani hizi hizi za juzijuzi, palikuwa na mzee akiitwa Shelukindo, mwenye gari la Pijo. Pijo 404, enyi mnaocheka huko nyuma! Lilikuwa limelala bandani miaka, kuku wakitagia kiti cha nyuma.

Kijiji chao kilikuwa mlimani, na hospitali ilikuwa mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Mjamzito akizidiwa alibebwa kwa machela. Wengine hawakufika. Basi binti yake, Salha, aliposhika mimba, mzee akasema, "Nalifufua gari langu. Mwanangu habebwi kwa machela."

Akauza mbuzi. Injini akampa mkwewe, Fundi Singano, mume wa Salha. Singano akaifungua, akatandaza vyuma juu ya gunia, akajikuna kichwa. Ringi za pistoni zimekwisha. Metali za krenki zimekwisha. Pampu ya oili, ile inayosukuma oili injini isikauke ikakwama, imekwisha. Na pesa, jamani, zinatosha vitu viwili tu.

"Baba," akasema, "tununue pampu na metali. Ringi tuziache. Litatoa moshi, litakula oili, lakini litafika."

"Moshi!" mzee akang'aka. "Nipite sokoni nafuka kama tanuri la mkaa, wanicheke?" Akamgeukia mkewe, Bi Mwantumu. "Mama Mhando, huna akiba mahali, tukanunua vyote vitatu?"

"Niitoe wapi?" Bi Mwantumu akajibu. "Sina hata senti."

Alikuwa nazo. Alikuwa amepokea upatu, kaufunga kwenye pindo la kanga. Lakini zile zilikuwa za uzazi wa Salha: doti za kanga, beseni, mafuta ya mtoto. Mjukuu wake wa kwanza apokelewe kwa matambara? Thubutu.

Mzee akashuka mjini. Akarudi na ringi mpya, metali mpya, na pampu kuukuu aliyoitoa kwa wauza vyuma chakavu. "Muuzaji kaniapia ni nzima," akasema, akamkabidhi Singano kwa mikono miwili. Na kwao, kitu ukikabidhiwa na baba mkwe kwa mikono miwili, hukigeuzigeuzi wala hukirudishi. Singano akapitisha kidole gumba kwenye meno ya pampu. Kidole kikasimama penye meno yaliyolika. Bi Mwantumu alikiona kikisimama.

"Ahsante, baba," Singano akasema. Pampu akaifunga.

Gari likawaka! Bila moshi! Kijiji kizima kikatoka kushangilia. Kando tu, Singano akamwambia shemeji yake Mhando, ambaye ndiye angeendesha, "Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Usisubiri." Kwa nini, hakumwambia.

Siku ya siku ikafika. Salha akashikwa na uchungu asubuhi, damu ikaanza kutoka kabla ya wakati wake. Wakampakia kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Wakashuka bonde salama. Wakaanza kupanda mlima wa pili, na taa ikawaka.

Bi Mwantumu akaiona. Mhando akaiona. Nyuma, Salha analia, "Kaka, niwahishe." Mhando akakanyaga mafuta. Wakapanda kona moja, wakapanda nyingine, paa la hospitali likaonekana, ndipo injini ikagonga mara moja, ikanoki, ikafa kabisa. Mhando akambeba dada yake mgongoni, akakimbia naye. Salha akafia mlangoni pa hospitali. Madaktari wakawahi, mtoto akatolewa mzima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Siku ya saba mtoto hunyolewa, na katika ukoo ule anayempakata wakati wa kunyolewa ndiye mlezi wake hadi mwisho. Wembe uko tayari. Mtoto analia. Watatu wanagombana uani.

Mzee akasema, "Nipeni mimi. Pampu niliichagua mimi, nakubali. Lakini bila gari langu hata huyu asingekuwepo. Mbuzi wangu wote wameishia humo."

Singano akasema, "Ni damu yangu. Niliijua pampu kuwa mbovu, nikanyamaza. Lakini adabu ile alinifundisha nani, baba? Si ninyi? Ningekurudishia mkononi, ungeniitaje?"

Mhando akasema, "Nipeni mimi. Taa niliiona, nikapita. Ningezima, tungekaa porini, wangekufa wote wawili. Nilimbeba mimi. Damu yake imekauka kwenye shati langu, na shati sijalifua."

"Ungezima, injini ingepona!" Singano akafoka. "Ingepoa, mngefika polepole."

"Na ungesema, nisingeiwasha!"

Wakashikana mashati. Watu wakawaachanisha. Ndipo mzee akasema, "Basi. Sisi sote tuna makosa. Katika nyumba hii kuna mmoja tu asiye na hatia. Mama Mhando, mpakate wewe."

Singano akainamisha kichwa. "Ni kweli, baba. Mama ndiye." Mhando naye akakubali.

Wakamletea mtoto, amefungwa katika ile kanga mpya, ya pesa za upatu. Doti nyingine ndizo zilizoshikwa kuwa pazia Salha alipokuwa anaoshwa. Bi Mwantumu akaitazama ile kanga. Akaona ile pampu mpya ambayo haikununuliwa. Mikono yao imenyooshwa, mtoto anasubiri, na mikono yake yeye bado iko mapajani.

Haya, ninyi mliokuwa mkicheka. Yule mzee aliyeona haya moshi, yule fundi aliyeona haya mkwe, yule kaka aliyeipita taa, na yule mama mwenye pindo la kanga: je, nani alistahili kumpakata mtoto yule? Na Bi Mwantumu, aseme kwanza habari ya zile pesa, au anyooshe mikono ampokee?