Asili ya Neno Sababu, na Kamba ya Sheikh Ghailani

Sifa njema zamstahiki Mola aliyemfundisha Adamu majina, na rehema zimshukie Mtume wake pamoja na aali zake. Ama baada ya hayo: neno sababu, ambalo wanafalsafa hulitumia kwa kila kinacholeta jambo, asili yake kwa Waarabu wa kale ni kamba, ile ambayo mtu huyafikia kwayo maji ya kisima.

Inasimuliwa kwamba katika kijiji kimoja cha jangwani alikuwapo mja mwema, Sheikh Ghailani, aliyefundisha maana hiyo msikitini na kusokota kamba kwa riziki yake. Desturi yao ilikuwa msokotaji aning'inie yeye kwanza kwenye kamba mpya, ndipo mchimba kisima ateremke. Siku moja, kwa kuchelea kukosa darasa lake, Sheikh aliitoa kamba bila kuijaribu. Ikakatika, na Usaidi mchimbaji akafia chini.

Wanafunzi wakasema, "Ni kadari." Sheikh akanyamaza, na watu wakauona ukimya wake kuwa ni uchamungu.

Baada ya maziko, Rumaitha mjane wa Usaidi akaja mlangoni pa msikiti, amedhoofu kwa kutokula.

"Sheikh, mimi nina toba?"

"Toba ya nini, binti yangu?"

"Asubuhi ile tuligombana, kwa kuni tu. Nikamwambia, nenda zako na usirudi. Mola akaniitikia. Mavyaa asema ulimi wangu ndio jeneza la mwanawe."

Sheikh akawatazama wanafunzi wake. Alijua kwamba kusema kutamvunjia heshima ya umri mzima, na kunyamaza kutamzika mwanamke huyu angali hai.

"Kadari ni ya Mwenyezi Mungu," akasema, "lakini sababu ni kamba yangu. Sikuning'inia."



"Basi si ulimi wangu."

"Si ulimi wako."

"Nawe ulijua, ukaniacha."

"Nilijua."

Hakumsamehe. Aliketi pale kizingitini akamlilia mumewe, na ndiyo mara ya kwanza kumlilia yeye, si dhambi yake mwenyewe. Tangu hapo darasa likapungua hata likabaki jamvi tupu, na mbele ya jamvi hilo Sheikh akaendelea kusomesha hadi alipofariki.

Kujua neno limetoka wapi ni elimu. Kukiri msiba umetoka wapi ni imani, nayo ni nzito. Mola ayarehemu masikio yenu yaliyosikiliza, na asimwache yeyote miongoni mwenu chini ya mzigo ambao mwenziwe aweza kumtua. Amin.