Kichuguu cha Wasio na Sura

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama waliolala na njaa. Tena, kwa nguvu. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mnastahili kunisikiliza. Hii ngano ninaijua mimi tu, na nikiitoa hata mbwa hukunja mkia akatulia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa hawajajifunza kufunga milango, palikuwa na Buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu kama mifuko. Alikuwa na mke. Alikuwa na watoto watatu. Na chini ya nyumba alikuwa na ghala la karanga. Karanga za kiangazi. Kiangazi cha nchi ile si cha mchezo: miezi minne, nyasi zinageuka vumbi, na asiye na akiba haioni mvua.

Siku moja akaja rafiki yake Kindi, anahema hah, hah, hah.

"Buku ndugu yangu, umezikalia karanga kama kuku aliyekalia mayai viza!"

"Ni chakula hiki, Kindi."

"Chakula! Wenzako wanazizalisha. Kuna chama pale kwenye kichuguu kirefu. Tunachanga mapema, wengine hawajajua. Karanga zinamwendea Popo, anataka kulima shamba mawinguni."

"Mawinguni kuna udongo?"

"Ndiyo maana bado ni rahisi!"

Buku akacheka. Akajikuna. "Wanachama wake ni nani?"

"Hakuna anayejua! Ndio utamu wenyewe. Mmoja labda ni Tembo. Mmoja labda ni Simba. Unaacha jina lako njiani, unachukua jingine."

Mke wake, Mama Kijino, alikuwa anasikia kila kitu. Akasema, "Baba Kijino, mtu anayenificha uso wake, karanga zangu anazitakia nini?"

"Mama Kijino, mambo haya ni ya waliochangamka," akasema Buku, akatuna kifua. Mnawajua watu kama hao. Wengine mmekaa nao hapo.

Basi Buku akaenda. Chama kilikutana mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo hata kivuli chako huna. Kichuguu kilikuwa chekundu, kirefu, na kina matundu saba. Mchwa wake walihama zamani. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mwanachama na tundu lake. Kila mmoja na njia yake ndani ya nyasi ndefu. Kumchungulia mwenzako, marufuku.

Buku akaweka mdomo kwenye tundu.

"Jina?" ikauliza sauti ndani, nzito, ya baridi.

Akafikiri. "Mvua ya Jana."

"Karibu, Mvua ya Jana," zikaitika sauti sita.

Akamwaga karanga. Kra-kra-kra-kra! Zikaingia. Akatega sikio azisikie zikitua. Kimya. Akatega tena. Kimya. Kisha tunduni ikatoka nyasi moja yenye fundo.

"Fundo hili leo ni karanga kumi. Kesho ni ishirini."

Akampelekea mkewe. Mama Kijino akaligeuza, akalinusa.

"Linaliwa?"

"Bado."

Akachanga tena. Kra-kra-kra! Akaleta fundo. Akachanga tena. Kra-kra-kra! Akaleta fundo. Nyumba ikajaa mafundo, ghala likabaki na mwangwi.

Kiangazi kikaingia. Jua, jua, jua. Watoto wakaanza kulamba kuta za ghala. Mama Kijino akasema, "Baba Kijino, kachukue karanga zetu."

Buku akaenda. "Mimi Mvua ya Jana. Naomba changu. Wanangu wana njaa."

"Tupige kura," zikasema sauti. "Tutoe?"

"Bado," ikasema ya kwanza.

"Bado," ya pili. "Bado," ya tatu. Bado, bado, bado. Sita kwa mmoja.

"Anayetaka kutoa," ikasema ile nzito, "kwanza aongeze."

Buku akarudi nyumbani. Zilibaki karanga za mbegu tu, zilizofukiwa pembeni zisiguswe. Akazijaza mashavuni, hili limejaa, hili limejaa. Akaondoka.

Alipofika kichuguuni, kura ilikuwa imeshaanza. Akafungua mdomo aitike. Mm! Mm! Mashavu yamejaa, neno halipiti.

Na ndani ya kichuguu sauti ikauliza, "Mvua ya Jana yupo?"

"Yupo," ikajibu sauti.

Sauti ile ilikuwa yake. Yake Buku, na kile kikohozi chake kidogo.

"Tutoe karanga?"

"Bado," ikasema sauti ya Buku. "Tusubiri. Kesho ni maradufu."

Manyoya yakamsimama. Akavunja sheria, akazunguka. Tundu la kwanza, buibui kalifunga kwa utando. La pili, gamba la Kobe, tupu, upepo unapita ndani, fyuuu. La tatu, Kindi. Amelala, mdomo kwenye tundu, mwepesi kama jani kavu. Amekufa siku nyingi. Na ndani, sauti ya Kindi, hah, hah, hah: "Bado, ndugu zangu! Bado!"

Buku akachimba. Panya halii kwanza, anachimba kwanza. Kwaru, kwaru, kwaru! Ukuta ukatoboka. Na karanga zilikuwepo. Zote! Hakuna aliyeiba hata moja. Rundo kubwa, limeshikamana, jeusi kwa ukungu, limeoza. Juu yake hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kitu. Sauti saba zinajibizana gizani.

Akakimbia, mashavu yamejaa vilevile. Akatema mbegu mbele ya mkewe, akakaa chini, akalia.

"Utalia baadaye," akasema Mama Kijino. "Mbegu hizi ni za siku nne. Tunakwenda kwa Nungunungu, ana mizizi."

"Atatutukana!"

"Atukane. Mlango wake naujua."

Nungunungu akatoka mlangoni. Akawatukana, sana, mpaka miiba ikalia chaka-chaka. Kisha akawapa mizizi. Wakala mbegu, wakala mizizi, wakala matusi, mpaka mvua ikanyesha. Wote watano.

Na kichuguu? Kipo. Mchana jua likiwa utosini wanakutana. Wamechagua mwenyekiti mpya, mwenye kikohozi kidogo. Anaitwa Mvua ya Jana.

Basi funzo ni hili: ukichanga, changa na mwenye uso, mwenye mlango utakaougonga ukiishiwa. Jina tupu halisikii njaa, kwa hiyo halitakuonea huruma, hata likiwa ni lako mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayeulizwa mchana huu jina lake na asiyemwona, asijibu.