Ukiliganga Goti, Liulize Tumbo

Ukiliganga goti, liulize tumbo. Mmecheka, wajukuu zangu, mkadhani babu kapayuka. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Kule milimani Usambaa alikuwapo Mzee Shekigenda, mwadhini wa miaka mingi. Baridi yabisi ilimshika magoti hata akawa anasali juu ya kiti, na kiti kile kilimtia aibu mno. Ramadhani ilipokaribia akaapa kwamba tarawehe ya mwaka huo atasimama na kusujudu kama wenzake. Akanunua vidonge vya maumivu dukani, hakumuuliza mtu.

Vidonge vilifanya kazi, tusivisingizie. Mzee alisimama wima, watu wakamsifu. Ila mchana alikuwa amefunga, hawezi kumeza kitu. Basi magharibi ikiadhiniwa, alimeza cha mchana na cha jioni kwa mpigo, kwa maji matupu, kabla hata ya tende.

Mkewe, Bi Mwantumu, aliona, na roho ikawa juu juu. Futari haimpiti mumewe kooni, mkono hautoki tumboni, naye akiulizwa husema ni gesi tu. Bibi wa watu akanyamaza, asije akaambiwa anamzuilia mume ibada. Siku ya kumi na tatu mzee akamwambia kwa haya kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama masizi. Bi Mwantumu akamkokota hadi zahanati, njia nzima akisoma dua.

Tabibu akamfunua kope, akakuta ndani weupe mtupu.

“Mzee, tumbo linavuja damu. Unakwenda hospitali sasa hivi.”

“Kumbe dawa ile ni mbaya?”

“Si mbaya, imekusimamisha. Lakini tumbo tupu, tena viwili kwa mpigo, inachoma. Ungekuja kwanza tungetazama kama tumbo lako linaihimili, tukakupa kiasi, umeze baada ya kula.”

Mzee akainama. “Basi ndiyo narudi kitini?”

Bi Mwantumu akamgeukia mumewe.

“Baba Saumu, wewe unaogopa kiti. Mwenzio naogopa jeneza.”

Mzee akapelekwa hospitali. Alitiwa chupa tatu za damu, akapona kwa taabu.

Siku ya Idi jirani yake, naye mgonjwa wa magoti, akamnong'oneza amtajie vile vidonge vilivyomsimamisha. Mzee Shekigenda akamtazama mkewe, kisha akamshika jirani mkono.

“Jina nitakutajia, ndugu yangu. Lakini ukiliganga goti, liulize tumbo.”